Medali ya Shaba

Watoto wa Kolwezi wanaijua shaba. Baba zao huichimba, nayo huenda nchi za mbali. Katika Michezo ya Olimpiki, mtu wa tatu huvishwa medali ya shaba.

Kongo ilishiriki mara ya kwanza mwaka 1968, huko Mexico. Wapanda baisikeli walikuwamo. Mwaka 1984 ilirudi ikiitwa Zaire. Lakini mpaka michezo ya Paris, mwaka 2024, haikupata medali hata moja, nayo ni nchi kubwa!

Jirani zetu Wazambia je? Mwaka 1984 Keith Mwila alipata shaba kwa ngumi. Mwaka 1996 Samuel Matete, mzaliwa wa Chingola, mji wa migodi ya shaba kama Kolwezi, alikimbia mita 400 akiruka viunzi kumi, akapata fedha. Na huko Paris, Kongo ilipokosa, Muzala Samukonga alivishwa shaba.