Mtoto Anayekoroma: Kijitabu cha Nyumbani Kuhusu Pumzi, Usingizi na Taya

Usiku wa leo, watoto wakishalala, ingia chumbani mwao ukae kando ya chandarua kwa dakika kumi. Usiwashe taa wala usimwamshe mtu. Sikiliza tu. Mtoto asiye na tatizo hupumua kwa pua, midomo imekutana, na pumzi yake huwezi kuisikia mpaka usogeze sikio. Kama unamsikia tangu mlangoni, kijitabu hiki ni chako.

Kukoroma si dalili ya usingizi mtamu

Majumbani mwetu mtoto akikoroma tunafurahi. Tunasema kalala fofofo, amechoka na michezo, au amemrithi babu yake. Akiwa na mafua, siku mbili tatu za kukoroma si jambo la kutisha. Lakini mtoto anayekoroma usiku mwingi wa wiki, tuseme mara tatu au zaidi, bila mafua yoyote, anahitaji kuangaliwa.

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mtoto ambaye njia yake ya hewa tayari ni nyembamba, kulegea huko kunatosha kuiziba. Utaona kifua kinavuta, tumbo linapanda, lakini hewa haiingii. Kinapita kimya cha sekunde kadhaa, kisha mtoto anashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu kama aliyetoka majini, anageuka, na kukoroma kunaanza tena. Asubuhi hakumbuki chochote. Kwa jumla watoto 1 hadi 5 katika kila 100 wana tatizo hili la pumzi kukatika usingizini, na wengi wao wana umri wa miaka 2 hadi 8.

Dalili nyingine huonekana ukiziangalia kwa makini. Mtoto analala shingo ameikunja nyuma, au anapenda kulala ameketi. Anatoka jasho jingi kichwani. Mto umelowa mate. Anaamka na kichwa kinauma, mdomo mkavu, na kununa. Mtu mzima asiyelala vizuri husinzia mchana, ila mtoto mara nyingi hufanya kinyume: hatulii, anagombana, hasikii anachoambiwa, na mwalimu anamwita mtukutu au mzito wa kuelewa.

Tena kuna kukojoa kitandani. Mtoto aliyekuwa ameacha akaanza upya, au mkubwa asiyeacha kabisa, huenda anasumbuliwa na pumzi, kwani usingizi unaokatikakatika huvuruga jinsi mwili unavyozuia mkojo usiku. Mtoto huyu wamemchapa, wamemwimbia nyimbo za kumcheka, wamembebesha godoro lake uani majirani wakiangalia. Tafadhali, tusimwadhibu mtoto kwa kosa ambalo si lake. Tumpeleke apimwe.

Nyama za pua na mafindofindo

Mara nyingi kinachoziba ni vitu viwili. Kimoja ni tonsili, zile nyama mbili za kooni ambazo wengi huziita mafindofindo. Mtoto akifungua mdomo unaweza kuziona. Kingine ni nyama za pua, ambazo madaktari huziita adenoidi. Hizi zimejificha nyuma ya pua, juu ya kimeo, na huwezi kuziona hata ukimmulika kwa tochi. Mwaka 1868 daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen, Denmark, alizieleza kitabibu, baada ya kuzigundua kwa wagonjwa wake waliokuwa na pua zilizoziba na masikio mazito.

Nyama hizi si ugonjwa. Ni sehemu ya kinga ya mwili, na kila mtoto anazo. Hukua zaidi kati ya miaka 2 na 7 hivi, kisha husinyaa mtoto anapokaribia utu uzima. Ndiyo maana wazazi wengi huambiwa wasubiri, atakua na yatakwisha. Kwa baadhi ya watoto ni kweli. Tatizo ni kwamba miaka ambayo nyama hizi huwa kubwa ndiyo hiyohiyo ambayo uso wa mtoto unajengwa.

Dari la mdomo ni sakafu ya pua

Funga mdomo wako ukiwa umetulia. Ulimi umekaa wapi? Kwa kawaida umelala juu, umegusa kaakaa. Kwa mtoto anayekua, ulimi huo unafanya kazi: unasaidia kaakaa kutanuka, huku mashavu yakilibana kutoka nje. Mtoto anayeshinda mdomo wazi ameuteremsha ulimi wake chini, na mashavu yanabaki bila wa kushindana nayo. Taya la juu huweza kuwa jembamba na kaakaa likapanda juu kama kuba. Meno ya utu uzima yakija hayapati nafasi, yanapandana. Na kwa kuwa dari la mdomo ndilo sakafu ya pua, kaakaa likibanwa, pua nayo hubanwa. Hapo tatizo la pumzi limejiongezea tatizo jingine.

Si kila uso mrefu au meno yaliyobanana yametokana na pumzi. Urithi una nguvu zake, na wapo watoto wa mdomo wazi ambao taya zao ziko sawa. Lakini mwonyeshe daktari wa meno ikiwa meno ya juu yanauma kwa ndani ya yale ya chini, ikiwa meno ya mbele hayakutani anapouma, au midomo haifungiki bila kulazimishwa. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto akaguliwe kabla hajapita miaka 7. Kaakaa limeundwa kwa vipande viwili vilivyoungana katikati, na kabla ya kubalehe kiungo hicho bado hakijakaza. Kifaa maalumu kinaweza kulipanua taratibu kwa miezi michache. Mtu akishakua, kazi hiyohiyo huenda ikahitaji upasuaji. Kifaa hicho hata hivyo hakichukui nafasi ya kutibu tonsili zilizoziba koo.

Kisu cha kimeo na meno ya plastiki

Kwetu Tanzania mtoto akikohoa sana au akisumbuka koo, bado wapo wanaompeleka kwa fundi akakatwe kimeo. Kimeo hakisababishi kikohozi, wala kukikata hakufungui pua. Watoto wametokwa damu nyingi, wamepata maambukizi na pepopunda, na wengine wamekufa. Vivyo hivyo kung'oa yanayoitwa meno ya plastiki kwenye fizi za mtoto mchanga. Yale mavimbe meupe ni vichipukizi vya meno halisi yanayosubiri kutoka. Ukiyang'oa unaharibu jino la utotoni, na mara nyingi na lile la ukubwani lililo chini yake. Bibi anayeshauri hivyo anampenda mjukuu wake. Zungumza naye kwa heshima, lakini usimkabidhi mtoto kwa kisu.

Yaliyo mikononi mwetu

Moshi huvimbisha pua. Sogeza jiko la mkaa au kuni mbali na anapolala mtoto. Sigara, udi na dawa ya mbu ya kuchoma zisiingie chumbani mwake. Chandarua kinatosha. Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee miezi 6 ya mwanzo na uendelee mpaka miaka 2 au zaidi, kwani kunyonya titi husaidia hata mpangilio wa meno. Kidole gumba na chuchu bandia visivuke miaka 3. Pua ikiziba, weka matone ya maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Dawa za dukani za kufungua pua zikitumika zaidi ya siku chache huizidisha kuziba. Na usimbandike mtoto utepe wa gundi mdomoni ili apumue kwa pua. Hiyo ni hatari.

Ukienda kliniki

Mrekodi kwa simu akiwa amelala, dakika mbili tatu, kifua kikiwa wazi. Video hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Anza zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali kama Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza zina madaktari hao. Kamasi lenye harufu mbaya likitoka tundu moja tu la pua, mwambie: huenda kuna ushanga au harage. Ukishuku betri ndogo ya saa, nenda saa hiyohiyo.

Si kila mtoto atafanyiwa upasuaji wa kuondoa tonsili na nyama za pua. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, wasio na hali kali sana, waligawanywa makundi mawili. Baada ya miezi 7 vipimo vya usingizi vilikuwa sawa kwa watoto 79 katika kila 100 waliofanyiwa upasuaji, na 46 katika kila 100 waliosubiri. Wengine husaidiwa na dawa ya kupuliza puani. Jambo la maana ni kwamba anayesubiri awe anafuatiliwa.

Usisubiri miadi ikiwa mtoto anatoa sauti ya kukwama akivuta hewa akiwa macho, mbavu zinabonyea ndani, au midomo imebadilika rangi kuwa ya bluu au kijivu. Vilevile akihema mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5.

Baada ya kuondolewa tonsili, mtoto wa chini ya miaka 18 asipewe dawa ya maumivu yenye kodeini. Anywe maji kwa wingi. Damu ikitoka mdomoni, hata wiki moja baadaye, mrudishe hospitali papo hapo. Mtoto mwenye selimundu, mwenye ugonjwa wa Down au mwenye uzito mkubwa anaweza kuendelea kukatika pumzi hata baada ya upasuaji, kwa hiyo mrekodi tena baada ya miezi miwili na umpeleke daktari hiyo video.