Mkutano wa Raia wa Athene

Hapo kale Wayunani hawakuwa na mfalme mmoja juu ya nchi yao yote. Kila mji, pamoja na mashamba na vijiji vyake, ulikuwa dola peke yake, wenye sheria zake na askari zake. Mji wa Sparta ulitawaliwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja, pamoja na baraza la wazee 28. Lakini katika mji wa Athene mambo makubwa yalikatwa na mkutano wa raia wenyewe, juu ya kilima kiitwacho Pnyx. Kila raia alikuwa na ruhusa ya kusema, kisha waliamua kwa kuinua mikono. Mkutano huo uliitwa ekklesia, na neno hilo ndilo lililotumiwa baadaye katika Agano Jipya la Kiyunani kwa maana ya Kanisa.

Maneno ya kuletwa mkutanoni yalitengenezwa na baraza la watu 500, waliopatikana kwa kupigiwa kura, kama alivyopatikana Mathiya. Majemadari kumi hawakupigiwa kura, bali walichaguliwa kwa mikono. Maana vita si jambo la kubahatisha. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwamo mkutanoni. Basi tukisoma ya kwamba watu wa Athene walijitawala, tukumbuke ni watu gani.

Nguvu za mkutano huo zilionekana mwaka 427 kabla ya Kristo. Mji wa Mitilene, ule ambao baadaye Paulo alipitia (Mdo. 20:14), uliwaasi Waathene, ukashindwa. Raia kwa hasira wakakata neno: wanaume wote wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikapelekwa na amri siku ile ile.

Kesho yake wengi waliona uchungu, na mkutano ukaitishwa tena. Kleon alishikilia ya kwamba amri isigeuzwe. Diodoto akajibu, wala hakuomba huruma. Alisema kwamba wakiwaua hata wale waliojitoa wenyewe, mji mwingine ukiasi utapigana mpaka mwisho. Mikono ilikaribia kuwa sawasawa, lakini Diodoto alishinda.

Ndipo merikebu ya pili ikatumwa kwa haraka, na ile ya kwanza ilikuwa imetangulia kama mchana na usiku. Wajumbe wa Mitilene waliwapa wapiga makasia divai na unga wa shayiri, wakaahidi zawadi kubwa. Watu wakala huku wanavuta makasia, wakalala kwa zamu. Merikebu ya kwanza ilikwenda polepole, kwa kuwa kazi yake ilichukiza. Ya pili ilipofika, jemadari Pakesi alikuwa amekwisha kuisoma amri, naye yu tayari kuitimiza.

Mji ukapona. Lakini wakuu wa maasi, ambao Thukidide mwandishi wa habari hizi anasema walizidi 1,000, waliuawa kwa amri ya mkutano ule ule. Kuta zikabomolewa, na mashamba yakagawanywa kwa Waathene.