Dhamana ya Mzigo Uliopotea Mlangoni

Himidi zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, suala hili huulizwa sana siku hizi katika nyumba zetu za Ghuba. Mtu amenunua bidhaa kwa njia ya intaneti na amelipa thamani yake. Mchukuzi amefika, hakumkuta mtu, akauweka mzigo mlangoni, akaupiga picha, akaenda zake. Simu ya mnunuzi ikaandika kwamba mzigo umefikishwa. Aliporudi jioni hakuona kitu. Je, hasara ni ya nani?

Jawabu imesimama juu ya jambo moja, nalo ni qabdh, yaani kupokea. Na ndiyo asili ya neno letu "kukabidhi". Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya kitu maalumu kilichouzwa kikaangamia kabla ya kupokewa. Imamu Abu Hanifa na Imamu Shafi wamesema hasara ni ya muuzaji, na Imamu Malik ana tafsili yake. Lakini khitilafu hiyo haitugusi sana hapa, kwani mnunuzi wetu hakuchagua birika hili la umeme kwa kulionyesha kidole. Amenunua birika lililosifiwa, moja katika mengi yaliyofanana ghalani. Hilo ni deni katika dhima ya muuzaji, na deni haliondoki mpaka lifike katika mkono wa mwenyewe au wa wakili wake.

Atasema msemaji: je, kuuweka mzigo mlangoni si takhliya, yaani kumwachia mnunuzi achukue chake? Twajibu: takhliya haitimii ila mnunuzi awe anaweza kukichukua kitu bila ya kizuizi. Na mtu aliyeko kazini Ruwi, mzigo wake uko nje ya mlango huko Sib, hana uwezo huo, hata kama simu imempa habari.

Ama akiwa yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Uweke mlangoni," hukumu inageuka. Idhini yake imesimama mahali pa mkono wake, na ukiibiwa baada ya hapo hasara ni yake, madhali mchukuzi aliuweka pale pale alipoambiwa. Vivyo hivyo akisema apewe mlinzi wa jengo: mlinzi ni wakili wake na mzigo ni amana, wala mlinzi halipi ila akizembea. Lakini mchukuzi akimpa mlinzi kwa rai yake tu, basi dhamana ingali upande wa muuzaji. Mke na mtumishi wa nyumba wanaozoeleka kupokea hukubaliwa kwa ada. Mtoto asiyepambanua, hapana.

Jamaa zetu walioko Uingereza watakuta sheria ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015 inakaribiana na haya: hasara ni ya mfanya biashara mpaka mnunuzi, au aliyetajwa naye, aishike bidhaa, isipokuwa mnunuzi akijitafutia mwenyewe mchukuzi ambaye muuzaji hakumpendekeza.

Katika ushahidi, muuzaji ndiye anayedai kwamba amefikisha, basi bayana ni juu yake, na mwenye kukanusha ataapa. Picha ya boksi mlangoni yathibitisha boksi na mlango, haithibitishi mkono. Nami katika miaka yangu ya ukadhi sikuona watu wakipuuza kitu kama kiapo cha mali ndogo. Kabla hujasema "Sikupokea", waulize kwanza watu wote wa nyumbani kwako.

Mama mmoja alinijia kwa sababu hiyo. Alirudishiwa rial 14 za mzigo uliopotea. Baada ya wiki tatu jirani yake akarejea kutoka Unguja, akamletea boksi: alikuwa amelichukua mlangoni ili lisiibiwe, akasafiri usiku ule ule. Mama akauliza kama fedha ni halali yake, kwa kuwa kampuni ni tajiri na haikuuliza tena. Nilimwambia utajiri wa mtu hauhalalishi mali yake. Arudishe fedha au arudishe boksi, kisha aulize kama kijana aliyeleta mzigo alikatwa mshahara. Aliuliza. Alikuwa amekatwa zote 14.