Ukiwa Mwana wa Mgombea

Mzazi akishachukua fomu ya kugombea, mwanawe aliye mtu mzima hana tena hiari ya kukaa kando akatazama, kwa sababu hata akijifungia ndani asionekane mkutanoni, kule kutoonekana kwake kutafasiriwa kuwa ni dalili ya ugomvi wa nyumbani. Na akionekana, basi nguo aliyovaa, salamu aliyoitoa na salamu aliyoisahau vitaingia vyote katika hesabu ya mzazi wake. Mwaka 2015 baba yangu, mwalimu mstaafu, aliomba udiwani katika kata mojawapo ya zile zilizo kusini ya mto Pangani, nami nikafunga duka langu la Ngamiani, Tanga, nikarejea kwetu Mwera kumsaidia tangu kampeni zilipofunguliwa tarehe 22 Agosti hadi zilipofungwa tarehe 24 Oktoba. Chama chake sikitaji, maadamu niyasemayo yamfaa mwana wa mgombea wa chama chochote kile, na mwenye kukitafuta chama kabla ya kusoma shauri huwa ameshaamua kutoshaurika.

Kazi ya kwanza haina shangwe wala ngoma, nayo ni kuisoma fomu ya uteuzi mstari kwa mstari kabla haijarudishwa: jina liandikwe kama lilivyo katika kadi ya mpiga kura, wadhamini wawe wapiga kura wa kata ileile, sahihi na tarehe visipishane. Wazee wetu, hata waliosomesha watoto wa watu miaka thelathini, aghalabu huandika kwa mwandiko mzuri na kwa haraka mbaya. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi, hasa wa upinzani, walienguliwa kwa sababu zilizoitwa makosa ya kujaza fomu. Na iwapo sababu zile zilikuwa za insafu ama sizo ni mjadala mwingine, ila mwana mwenye macho mazima asimwachie mtu kisingizio.

Ama jukwaani, shauri langu ni fupi: panda utambulishwe, amkia, shuka. Watu hawakuja kukusikiliza wewe, na kila dakika uitumiayo kumsifu mzazi wako yaondoa kitu katika staha yake, kwani sifa za mtoto kwa babaye hazina thamani sokoni. Lakini kama na wewe una nia ya kiti siku za usoni, sema mapema, usijifiche nyuma ya kanzu ya mzee. Mkoa wetu huu wa Tanga umeona mwaka 2010 January Makamba akiingia bungeni kwa jimbo la Bumbuli kwa tiketi ya CCM ilhali baba yake, Mzee Yusuf Makamba, ndiye Katibu Mkuu wa chama kilekile, na watu walisema waliyoyasema, lakini alisimama yeye mwenyewe kwa jina lake. Na mwenye kudhani kwamba damu lazima ifuate chama na akumbuke mwaka 1995, wakati Mwalimu Nyerere alipokuwa akizunguka nchi kumnadi Benjamin Mkapa wa CCM, ilhali mwanawe Makongoro akigombea ubunge wa Arusha kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, naye akashinda. Nyumba ya Mwalimu haikuanguka kwa jambo lile.

Kazi yenyewe hasa ya mwana wa mgombea iko mbali na jukwaa, nayo ni kusikiliza. Mgombea haambiwi kweli. Akipita barazani huandaliwa kahawa, huombewa dua, huambiwa kura zote ni zake, na mgombea mwenzake akipita alasiri huambiwa vivyo hivyo, bila ya mtu yeyote kuona kwamba amesema uongo, kwani jamala ya pwani haimruhusu mwenye nyumba kumkatisha tamaa mgeni. Mtoto wa mgombea, na hasa binti, huambiwa. Mimi nilikuwa nikiingia uani, nikaketi mkekani na akina mama wanaosuka ukili, nikachukua miyaa na mimi nikasuka, wala sikutaja uchaguzi mpaka utajwe. Siku moja bibi mmoja, bila ya kuinua macho katika ukili wake, aliniambia, “Binti Mwalimu, babako twampenda, mwanangu, lakini zile fedha za kisima alizotuchangisha zamani hajatueleza zilikwendaje, na mtu ambaye hajanieleza za kisima nitampaje za kata?” Nikamwitikia, “Nimekusikia, bibi, nitamfikishia,” nikaendelea kusuka.

Mwana wa mgombea anaposikia neno kama lile hutamani papo hapo kumtetea mzazi wake, naye akithubutu, mlango ule umefungwa na hataambiwa neno jingine katika ua ule hadi siku ya kura. Wewe sikia, shukuru, nenda. Jioni nilimkuta baba nikamweleza jambo pasipo kumtaja mwenye kulisema, kwa kuwa siri ya uani ni amana. Naye akakasirika kwanza, kisha akanyamaza, kisha akafungua kasha lake akatoa daftari la kamati ya kisima, lenye majina ya waliochanga na stakabadhi za mabomba zilizobandikwa kwa uji wa muhogo. Alikuwa halijui hata kidogo kwamba jambo lile limekaa vifuani mwa watu muda wote ule. Mkutano uliofuata hakuhutubia juu ya barabara wala zahanati. Alisoma daftari lile, jina baada ya jina, kiasi baada ya kiasi, na watu ambao desturi yao ni kuondoka kabla ya dua walikaa mpaka mwisho.

Ratiba nayo ipangwe na mwenye kuwajua watu, si na mwenye gari la matangazo. Wakata mkonge huingia shambani alfajiri, nao wakirudi adhuhuri huwa wamechoka kiasi cha kuchukia sauti ya kipaza sauti, kwa hiyo kambini kwao nenda alasiri baada ya kuoga na kula. Vijiji vya wavuvi wa dagaa, kama Kipumbwi, hufuata mwezi: usiku wa kiza wanaume wako baharini na taa zao, na mchana wamelala, hivyo mwenye kuitisha mkutano siku zile atahutubia watoto na mbuzi; ngoja mbalamwezi, ambapo dagaa hawafuati taa na wavuvi wako nyumbani wakishona nyavu. Mwisho wa mikutano kwa mujibu wa maadili ya uchaguzi ni saa 12 jioni, ambayo kwetu huenda sambamba na maandalizi ya magharibi, na mgombea anayeupita wakati ule huwa amewaudhi wakubwa wawili kwa pamoja, tume na muadhini.

Sasa nije katika mtihani mkubwa, nao ni mkono. Mwaka 2000 Bunge liliibadili sheria ya uchaguzi likaruhusu takrima, kwamba kile akitoacho mgombea kwa nia njema kwa desturi ya ukarimu kisihesabiwe kuwa rushwa. Na mlango ule ukapitisha mengi, mpaka Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika wenzake walipokwenda Mahakama Kuu, nayo mnamo Aprili 2006 ikavitengua vifungu vile kwa kuwa vyakiuka Katiba na kumbagua mgombea asiye na kitu. Ikaja baadaye sheria ya gharama za uchaguzi ya mwaka 2010, inayomtaka mgombea aeleze fedha amezipata wapi na amezitumiaje. Sheria ya takrima ikafa. Matarajio ya watu hayakufa, na kwa kuwa wanaona haya kumwomba mgombea mwenyewe, humwomba mwanawe.

Idi Kubwa ya mwaka ule iliangukia tarehe 24 Septemba, katikati ya kampeni. Baba alikuwa na desturi ya kuchinja kila mwaka na kugawa, na sasa asipochinja watasema ubakhili umemwingia kabla ya cheo, akichinja watasema ananunua kura kwa nyama ya Mungu. Tulikaa sisi wana, tukaamua kwamba mbuzi achinjwe nyumbani kwa ami yetu, nyama ipelekwe kwa kamati ya msikiti ikagawiwe kwa maskini wa orodha yao ya kila mwaka, asiwepo mwenye fulana ya chama, wala isipigwe picha. Manung'uniko hayakukosekana, ila mashtaka hayakuwapo.

Misibani nilitoa rambirambi ileile niliyozoea kuitoa kabla ya uchaguzi, si pungufu, si zaidi, nikaingia jikoni nikapika na wenzangu. Kwa mwenye kuomba waziwazi, jambo la kuepuka kuliko yote ni neno “subiri”, kwa sababu subira ni ahadi, na ahadi ya aina ile ni rushwa iliyokopeshwa. Mwambie hapana kwa upole, mwambie sababu, na uendelee kuketi naye hata baada ya kumnyima, usije ukaondoka upesi akadhani ulikuja kwa ajili ya kura yake tu. Zingatia tena kwamba siku zile, kabla ya daraja la mto Pangani kuanza kujengwa, kila gunia lililokuja kwetu kutoka mjini lilipita kivukoni Bweni mbele ya macho ya watu, na gunia la mchele likivuka katika gari la mgombea lilifika vijijini likiwa magunia kumi.

Siku ya kura, mwana asijifanye bingwa wa kuzunguka na pikipiki. Ahakikishe kila kituo kina wakala aliyekwisha kula kiapo, aliyelishwa, anayejua kusoma tarakimu, na ambaye hataondoka bila nakala ya fomu ya matokeo ya udiwani, ambayo mwaka 2015 ilikuwa 21C, iliyotiwa sahihi. Baba alishindwa kwa tofauti ndogo, na kwa kuwa fomu zetu zilikuwa kamili na hesabu zililingana, tulijua tumeshindwa kwa haki, akaenda mwenyewe kumpa mkono aliyeshinda kabla ya jua kupanda.

Uchaguzi mkuu ujao wa madiwani na wabunge ni mwaka 2030. Ikiwa mzazi wako ana nia, usiulize habari ya mabango. Muulize leo ni michango gani ya watu iliyopita mikononi mwake, na daftari lake liko wapi.