Boya Linalokesha kwa Niaba ya Mfugaji wa Sato

Mfugaji wa vizimba katika Ziwa Victoria hutambua kuwa sato wake wamekosa hewa anapowakuta wakihema juu ya maji. Mara nyingi huwa amechelewa. Kizimba kizima kinaweza kufa kati ya usiku wa manane na mapambazuko, mwenyewe akiwa amelala, na boya la kupimia maji lina faida kubwa katika saa hizo.

Boya lenyewe ni chombo cha kuelea kilichofungwa nanga, chenye paneli ndogo ya sola, betri na antena. Chini yake huning'inia vihisi vya joto, oksijeni iliyoyeyuka, utope wa maji na rangi ya mwani. Vihisi hupima, kwa kawaida kila baada ya dakika 10 au 15, na namba hutumwa kwa laini ya simu kama hiyo uliyo nayo mfukoni. Pasipofika mtandao wa simu, setilaiti hutumika.

Anza na oksijeni. Sato hustawi maji yakiwa na miligramu 5 au zaidi kwa lita. Ikishuka chini ya 3, hamu ya kula hupungua na samaki hudhoofika. Usitulizwe na kipimo cha mchana. Jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni, na hata maji ya kijani kizito huonekana salama. Usiku mwani huohuo huitumia, hivyo kiwango cha chini kabisa huja karibu na alfajiri. Anayepima saa nne asubuhi kwa kifaa cha mkononi hawezi kuiona hatari hiyo, hata awe hodari kiasi gani.

Hatari nyingine hutoka chini. Ziwa hili lina kina cha mita 80 hivi panapozidi, na kwa miezi mingi ya mwaka, takriban Septemba hadi Mei, maji ya juu yenye joto hukaa juu ya maji baridi zaidi bila kuchanganyika vizuri. Huko chini oksijeni hupungua sana. Kusi ikivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, au dhoruba ikipiga, maji hayo yanaweza kupanda hadi vizimbani. Kwa hiyo usikubali boya lenye kipimajoto kimoja. Dai vipimajoto kadhaa kwenye kamba moja, kila kimoja na kina chake. Joto la juu likishuka ghafla na kukaribia lile la chini, jua kwamba maji yanapinduka.

Tega kengele ya simu ilie oksijeni ikifika 4, usingoje 2. Ikilia, acha kulisha mara moja, kwa sababu samaki anayesaga chakula huhitaji oksijeni zaidi. Usiwashike wala kuwahamisha kizimba. Washa pampu ya hewa kama unayo. Waliofikia uzito wa soko, panga kuwavua wangali hai.

Kwa wanaokunywa maji ya ziwa, kihisi cha rangi ya mwani kina kazi yake, lakini hakipimi sumu. Agosti 2014, mjini Toledo, Marekani, watu zaidi ya 400,000 walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa kutokana na sumu iliyotoka katika mwani wa Ziwa Erie. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Boya hukuonyesha siku ya kupeleka sampuli maabara, na hilo pekee ni msaada mkubwa.

Kinachoharibu mradi wa namna hii mara nyingi ni uchafu. Katika maji yetu ya joto, utelezi na konokono hung'ang'ania vihisi upesi, na kihisi kichafu cha oksijeni hutoa namba ya uongo. Mteue mtu mmoja, kwa jina na kwa malipo, avisafishe kila wiki na kulinganisha kipimo na kifaa cha mkononi.

Kabla ya kutia nanga, kaeni na wavuvi wa mwalo na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo. Waonyesheni boya lilivyo: rangi ya manjano, na usiku taa ya manjano inayomweka. Mitumbwi isifungwe hapo, nyavu zipite mbali. Kisha wapeni nao namba hizo kwenye simu zao, maana upepo unaopindua maji chini ya vizimba ndio unaowakuta wao katikati ya ziwa.