Siha ya Mstaafu na Wajibu wa Watu wa Nyumbani

Mtumishi wa umma katika nchi yetu ya Tanzania aghalabu hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, na akipenda aweza kuondoka kwa hiari tangu miaka 55. Na barua impayo habari hiyo hueleza kwa tafsili mambo ya mafao, kiinua mgongo na pensheni ya kila mwezi, lakini haina neno hata moja juu ya asubuhi ya siku ya pili yake, pale mtu aliyezoea umri wake wote kuamka, kuoga, kuvaa na kutoka, atakapojikuta ameketi ukumbini hana pa kwenda. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya asubuhi hiyo na zitakazofuata. Muradi wake ni kumweleza mstaafu na jamaa zake kuwa maradhi mengi yanayosingiziwa uzee huletwa, au huzidishwa, na kukaa bure, na kuwa nyumba impendayo mzee wake haina budi kumwachia kazi, mwendo na watu wa kuzungumza nao.

Heshima inayodhuru

Sisi watu wa pwani tumelelewa kumtukuza mzee, na ada hiyo ni njema. Ila ina namna yake ya kudhuru, nayo si haba. Baba akinyanyua kikapu kwenda sokoni, kijana humpokea kwa adabu, "Lete mimi, baba, wewe pumzika"; akishika jembe uani, mkaza mwana humtolea kiti; maji ya kuoga hubebewa, na sinia huletwa hapo hapo alipo. Kila moja katika hayo ni taadhima, na yote kwa jumla humlemaza. Misuli isiyotumiwa hupungua, na kwa mtu aliyepita miaka 60 hupungua upesi na hurudi kwa taabu. Hata mwaka ukigeuka, yule aliyeacha kazi mzima wa miguu huinuka kitini kwa kujisukuma na mikono, kisha kwa kushikwa, na jamaa husema uzee umeingia, ilhali walichokiingiza wenyewe ni ukaaji.

Basi mwachieni kikapu chake. Safari ya sokoni ina mwendo, ina hesabu ya fedha, ina kufunua matamvua ya samaki kutazama kama bado ni mekundu, ina kuvutana bei na muuzaji na kuulizana hali na watu njiani. Na dawa moja yenye manufaa mengi namna hiyo haiuzwi duka lolote. Akichelewa, chelewesheni chakula. Akinunua changu badala ya kolekole mliyemtaka, pikeni changu.

Kwa mwanamke mambo aghalabu huwa kinyume. Mwalimu au muuguzi aliyestaafu huonekana nyumbani kuwa amepata wasaa, na kabla hajamaliza mwezi huwa amekabidhiwa wajukuu, jiko na wagonjwa wa ukoo mzima, wala hakuna aliyemuuliza. Mimi naona hii ni dhuluma, hata ikitendwa kwa mapenzi. Kulea wajukuu humfurahisha bibi na kumchangamsha, lakini na awe na siku zake mwenyewe katika wiki, za darasa, za chama chake cha wanawake, za kumtembelea shoga yake, na siku hizo zisiguswe.

Mwendo, nguvu na mizani ya mwili

Shirika la Afya Duniani huwausia waliotimiza miaka 65 na kuendelea wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki. Dakika 30 kwa siku 5 zatosha kuifikia hesabu ya chini, na kipimo chake ni chepesi: mtu aweze kuzungumza akiwa anakwenda, lakini asiweze kuimba. Aendaye msikitini au kanisani kwa miguu, akazunguka njia ndefu wakati wa kurudi, amekwisha pata sehemu kubwa ya haki yake. Hata kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na asiyezoea aanze kwa dakika 10.

Mwendo peke yake haukidhi. Siku 2 au zaidi katika wiki mwili wataka kazi ya nguvu, kama kuinuka kitini na kuketi tena mara 10 bila ya kushika kitu, au kunyanyua chupa mbili zilizojaa maji. Na siku 3 au zaidi wataka kazi ya kuimarisha mizani, kama kusimama kwa mguu mmoja mbele ya ukuta, mkono ukiwa karibu nao, au kutembea kisigino kikifuata ncha ya kidole. Kazi hii ya mizani ndiyo inayodharauliwa kupita zote, nayo ndiyo imzuiayo mtu asianguke. Na anguko moja likivunja nyonga laweza kumtoa mzee katika wima hata mwisho wa maisha yake.

Kwa hiyo ingieni katika choo cha nyumba yenu leo, mkitazame kwa macho ya mtu asiyeona vyema. Sakafu ya saruji iliyoshika utelezi wa sabuni isuguliwe, kandambili zilizolika soli zitupwe, pau imara ipigiliwe ukutani penye kuchutama, na busati lililokunjika pembe liondolewe njiani. Tochi iwekwe karibu na mto, maana umeme hukatika bila ya kuarifu. Naye mzee aamkapo usiku aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kwa muda mfupi kabla ya kusimama, kwa sababu msukumo wa damu hushuka ghafula mtu ainukapo, hasa akiwa anatumia dawa za presha, na kizunguzungu hicho kimewaangusha wengi.

Chungu na kijiko

Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa mno, na katika hesabu hiyo imo chumvi ya mkate, ya achari na ya supu ya pakiti. Sisi tunaopenda papa na ng'onda hatuna budi kujua kuwa samaki waliokaushwa kwa chumvi huweza kuimaliza haki ya siku nzima kwa mlo mmoja. Wakiliwa, waroweshwe, maji yamwagwe zaidi ya mara moja, na chungu kisitiwe chumvi nyingine. Mpishi atoaye chumvi kwa kidole hawezi kujua ametia kiasi gani; achukue kijiko, apime, na baada ya wiki chache ndimu, kitunguu thaumu na pilipili manga vitaufanya ulimi usahau.

Mzee hahitaji chakula kingi, bali chahitaji kuwa bora: dagaa, mayai, choroko, kunde na maharage kwa ajili ya misuli, mboga na matunda yasiyopungua gramu 400 kwa siku, na sukari ya chai ipunguzwe. Maji ayanywe hata kabla ya kuona kiu, kwa kuwa hisi ya kiu hufifia kwa umri. Mwenye kisukari anayekusudia kufunga Ramadhani amwone tabibu wake tangu Rajabu, apangiwe dawa upya au aelezwe kama kufunga kwamfaa. Asibadili vidonge kwa shauri lake mwenyewe.

Presha ya damu haina sauti. Mtu aweza kuwa nayo miaka mingi bila ya kuumwa kichwa hata siku moja, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo ikiharibika, na ndiyo sababu hupimwa wala haingojwi. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku mbalimbali, hiyo ni presha ya kutibiwa. Na mgonjwa aambiwapo imeshuka, aelewe kuwa imeshuka kwa fadhila ya dawa. Anayeziacha kwa kujiona mzima huirudisha ilipokuwa.

Masikio na baraza

Nimewaona wazee wakiliacha baraza pole pole, na jamaa wakidhani wamechoshwa na watu, kumbe hawasikii. Aulizwa neno, ajibu jingine, wenziwe wacheka. Siku ya pili huketi kimya, na siku ya tatu hatoki. Uzito wa masikio wataalamu wameuhesabu miongoni mwa mambo yanayozidisha hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na mara nyingine sababu yake ni nta tu, ambayo muuguzi huitoa kwa muda mfupi. Macho nayo ni hivyo hivyo: mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na nuru ikarejea, lakini presha ya macho huiba nuru isirudi tena, kwa hiyo macho yapimwe mapema.

Wala baraza lenyewe si upuuzi. Wazee wanaokutana alasiri kwa kahawa na bao, lile la mashimo 32 na kete 64, hukumbuka, huhesabu, hubishana na huulizana habari; na mmoja wao asipoonekana siku mbili, kuna mtu atakayepita kugonga mlango wake. Mstaafu aliyehamia mtaa mgeni atafute baraza lake kama alivyotafuta nyumba. Kahawa tu asiinywe mno karibu na usiku, kwa kuwa usingizi wa saa 7 au 8 ni haki ya mzee kama ilivyo ya kijana.

Juu ya fedha nitasema machache, kwa kuwa wasiwasi wa fedha huingia mwilini. Kiinua mgongo kisitumiwe katika miezi ya mwanzo kwa biashara ambayo mstaafu hakuwahi kuifanya, wala watoto wasikigawe kabla hakijafika. Huku Zanzibar, Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa wakaazi waliotimiza miaka 70, hata asiyewahi kuajiriwa, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Mvuvi na mkulima wa mwani wana haki yao humo, na kijana wa nyumbani ahakikishe jina la mzee limeandikishwa.

Dalili zisizongojwa

Mzee akipinda mdomo upande mmoja ghafula, au mkono wake mmoja ukilegea auinuapo, au maneno yake yakavurugika, hicho ni kiharusi mpaka tabibu aseme sicho. Tazameni saa, mkariri wakati dalili ilipoanza, kwa kuwa hospitali watauliza. Msimpe chakula, maji wala dawa mdomoni, msimsugue mafuta, msingoje aamke kama amelala. Mtafuteni mwenye gari, na mwende wakati huo huo.