Maswali na Majibu: Balozi Anapozuru Oldonyiro

Maswali haya ni ya kudurusu kabla ya mtihani wa mazingira na utawala. Oldonyiro imechukuliwa kuwa mfano kwa sababu mikataba ya mazingira husainiwa mbali, lakini hapa ndipo mvua ikikosa misimu miwili watoto hukosa maziwa. Andika kwa sentensi kamili. Orodha tupu haipati alama zote.

Swali 1. Oldonyiro iko wapi, na wakazi wake wanaishi kwa kazi gani? (alama 4)

Oldonyiro ni mojawapo ya wadi 10 za Kaunti ya Isiolo, katika eneobunge la Isiolo Kaskazini. Iko upande wa magharibi wa kaunti, jirani na Samburu na Laikipia, na Kipsing imo ndani yake. Wakazi wengi ni Wasamburu na Waturkana wanaofuga mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. Mnada wa mifugo ndio unaolipa karo na kununua unga. Kaunti hii pia inajulikana kwa ubani na manemane, na wakusanyaji wengi ni akina mama.

Usiandike kwamba ni ardhi isiyo na mwenyewe. Wazee wa huko wanajua ni bonde lipi lifungwe sasa ili ng'ombe wapate pa kukimbilia kiangazi kikikaza.

Swali 2. Taja kazi za balozi kwa mujibu wa sheria ya kimataifa. (alama 5)

Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia, wa 1961, unazitaja katika Kifungu cha 3: kuiwakilisha nchi yake, kulinda maslahi ya nchi hiyo na ya raia wake, kujadiliana na serikali ya nchi mwenyeji, kuchunguza hali ya nchi kwa njia halali na kutuma ripoti nyumbani, na kukuza urafiki pamoja na ushirikiano wa kiuchumi, kitamaduni na kisayansi.

Watahiniwa wengi hukimbilia ile ya tano na kuisahau ya nne. Balozi aliyeketi chini ya mgunga akisikiliza wafugaji yuko kazini. Anachoambiwa pale huweza kuingia katika ripoti itakayosomwa na wanaopanga bajeti ya nchi yake. Kwa hiyo anayepewa nafasi ya kusema mbele yake amebeba jambo zito, na ni dhuluma nafasi hiyo ikiliwa yote na waliotoka mjini naye.

Ongeza Kifungu cha 41: balozi hapaswi kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwenyeji, na shughuli zake rasmi na serikali hupitia Wizara ya Mambo ya Nje au wizara nyingine iliyokubaliwa.

Swali 3. Kwa nini Uingereza haina "balozi" Nairobi kwa cheo rasmi? (alama 1)

Kwa sababu nchi za Jumuiya ya Madola hutumiana Makamishna Wakuu. Kazi ni ile ile.

Swali 4. Kwa nini mabalozi walio Nairobi wako karibu sana na masuala ya mazingira? (alama 3)

Baada ya mkutano wa Stockholm wa Juni 1972, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunda Mpango wa Mazingira, UNEP, mwezi wa Desemba mwaka huo, na makao yake yakawekwa Nairobi. Mabalozi wengi waliotumwa Kenya huziwakilisha nchi zao huko UNEP pia.

Swali 5. Mwaka 2026 una maana gani kwa mfugaji wa Oldonyiro? (alama 4)

Mnamo Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliutangaza 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Hoja hiyo iliongozwa na Mongolia, nchi ambayo ufugaji wa kuhamahama ni uti wa mgongo wake. Mkutano wa 17 wa nchi wanachama wa mkataba wa kupambana na kuenea kwa jangwa nao ulipangiwa mji mkuu wa Mongolia, Ulaanbaatar. Mtahiniwa aonyeshe kwamba wafugaji nao wanaweza kuianzisha diplomasia, si kuipokea tu ikiletwa.

Swali 6. "Mgeni wa kimataifa akizuru wadi kame, apande mti." Jadili. (alama 8)

Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka nchi ifikishe angalau asilimia 10 ya miti katika eneo lake. Ndiyo maana mgeni hukuta mche unamngoja. Mti una mahali pake: uwanja wa shule, zahanati, kando ya laga.

Lakini ugonjwa mkubwa wa nyanda hizi ni udongo ulio uchi. Mvua kali ya muda mfupi ikipiga ardhi isiyo na nyasi, maji hayazami. Yanakimbia, yanachimba makorongo na kuubeba udongo mzuri kuelekea mto Ewaso Nyiro. Mwaka unaofuata nyasi hazina pa kushika, na korongo linazidi kupanuka. Dawa yake inajulikana: kuyapumzisha malisho kwa zamu, kuchimba vishimo vya nusu mwezi vya kukinga maji, kupanda mbegu za nyasi za kienyeji, na kuondoa mimea vamizi. Kazi hiyo ni ya misimu mingi, na haipigiki picha vizuri kwa siku moja. Hata hivyo ndiyo inayorudisha maziwa nyumbani.

Toa mfano wa mathenge. Mti huu wa kigeni ulipandwa Baringo miaka ya 1980 katika mradi wenye nia njema, kwa msaada wa nje, ili watu wapate kuni na kuzuia mmomonyoko. Ukageuka msitu wa miiba, ukafunga malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mnamo 2006 wanakijiji waliishtaki serikali na wakafika mahakamani na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Leo mathenge imefika kaunti nyingi kame, Isiolo ikiwemo. Kabla ya mche kutiwa shimoni, jamii iulize ni wa aina gani, nani atamwagilia, na nani atawajibika ukileta madhara.

Alama za juu zimwendee atakayependekeza mgeni aonyeshwe mahali wazee walipopumzisha malisho, kisha mahali ambapo hawakuafikiana, apate kuona tofauti kwa macho yake.

Swali 7. Ahadi ya fedha ikitolewa, ipite njia gani? (alama 5)

Isiolo ndiyo iliyotangulia kujaribu hazina ya kaunti ya mabadiliko ya tabianchi, kwa msaada wa Uingereza, kabla ya Garissa, Kitui, Makueni na Wajir kufuata. Msingi wake ni kamati za wadi: wakazi huchagua wenzao, nao huamua kama fedha ziende kwenye bwawa, kisima au malisho. Baadaye utaratibu huo ulienezwa nchini kupitia FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na jamii za mashinani. Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2021, na Denmark, Sweden na Ujerumani zikachangia.

Basi ubalozi unaotaka kusaidia Oldonyiro hauhitaji kuanzisha kamati mpya yenye nembo yake. Uikute kamati ya wadi na uanzie kwenye mpango ambao tayari imeuandika.

Swali 8. Linganisha Februari 2023 na Julai 2025 katika uhusiano wa Marekani na nyanda kame za Kenya. (alama 5)

Februari 2023, mke wa Rais wa Marekani wa wakati huo, Jill Biden, alifika Lositeti, Kajiado, akiwa na Balozi Meg Whitman, wakati misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa imekosa na mamilioni ya mifugo wamekufa nchini. Aliwasikiliza akina mama wa Kimaasai, akazihimiza nchi nyingine ziongeze msaada. Ziara hiyo iliufanya ulimwengu uitazame njaa ya wafugaji.

Tarehe 1 Julai 2025, USAID, shirika lililokuwa likipeleka sehemu kubwa ya msaada huo, lilifungwa kufuatia uamuzi wa serikali mpya ya Washington. Miradi mingi ilikatika ghafla. Hakuna mfugaji aliyekosea lolote. Ndiyo sababu bajeti ya kaunti na sheria zake ziwe nguzo, na fedha za nje ziwe nyongeza.

Swali 9. Mgeni akizungumzia biashara ya kaboni, jamii idai nini? (alama 4)

Idai mkataba wa maendeleo ya jamii, kama Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilivyorekebishwa 2023 inavyotaka, na angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa miradi ya ardhi, baada ya kuondoa gharama za uendeshaji. Idai pia hati ya ardhi ya jamii chini ya sheria ya 2016. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika eneo la Merti ziliundwa kinyume cha sheria. Funzo ni kwamba kukusanya saini za watu wachache si kushirikisha umma.

Swali 10. Umepewa kazi ya kuandaa baraza la uhamasishaji siku ya ziara. Panga. (alama 8)

Chagua siku isiyogongana na mnada; watu wasilazimishwe kuchagua kati ya mbuzi wao na hotuba. Habari ipite kwa chifu, wazee na redio, kwa mfano Radio Shahidi ya Isiolo, siku kadhaa kabla. Wakalimani wa Kisamburu na Kiturkana waandaliwe mapema na kupewa maneno magumu wayazoee, kwani mkalimani aliyeokotwa asubuhi hiyo hawezi kueleza kaboni.

Ratiba ianze na wenyeji. Mgeni asikilize kwanza wazee, morani na vijana wa shule. Akina mama wapewe kikao chao, maana wengi hawatasema yote mbele ya wanaume, nao ndio wanaoijua njia ya maji na bei ya ubani kuliko yeyote. Hotuba ya mgeni ifuate, iwe fupi, na ijibu yaliyosemwa.

Kila ahadi iandikwe pale pale: nani ameahidi, nini, lini, na kupitia ofisi gani. Kumbukumbu isomwe kwa sauti katika lugha zote mbili, wawakilishi watie saini, na nakala moja ibaki kwa kamati ya wadi kabla magari hayajaondoka.